Moshi wa Makapi na Moshi wa Mafiga

Mhadhara uliosomwa Turiani, Mkoa wa Morogoro, mbele ya wakulima, walimu na wanafunzi



Nilipotakiwa kuja kuzungumza juu ya nishati, uchafuzi na kukua kwa uchumi katika nchi ambazo mabwana wa takwimu wamezoea kuziita zinazoendelea, jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa kitabu, ingawa vitabu juu ya mas'ala haya ni vingi hata mtu akijitia kuvisoma vyote atazeeka hajafika nusu, lilikuwa ni yale masizi membamba kama nyuzi ambayo, ufikapo msimu wa kuvuna, huteremka toka angani pasipo sauti juu ya mashuka yaliyoanikwa, juu ya ndoo za maji zisizo na kifuniko, na juu ya nywele za watoto watokao shule, hata mgeni aliyelala hapa usiku mmoja akatoka mbio kuuliza ni wapi kunakoungua, naye mwenyeji, bila kuinua macho katika kazi yake, akamjibu: "Hakuna kitu, ni miwa tu."

Neno hilo "tu" limenishughulisha siku nyingi. Mwenyeji hasemi uongo, maana ni miwa kweli. Wala hasemi kwamba masizi ni mema. Asema kwamba moto huu una maana yake, una msimu wake, na una mshahara ndani yake, na kwamba mtu aliyezaliwa mahali hapa ameshapima siku nyingi, katika mizani isiyoandikwa popote, kadiri ya moshi anaoweza kuustahimili kwa kadiri ya riziki aipatayo. Mizani hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu yaliyoandikwa juu ya nchi kama yetu yameandikwa, aghalabu, na watu waliopima kwa mizani nyingine.

Insafu yataka tuujue moto kabla ya kuushitaki. Mnajua kuliko mimi kwamba shamba la miwa huchomwa kabla ya kukatwa ili majani makavu yenye makali yateketee, nyoka wakimbie, na mkata miwa apate kwa siku moja kusafisha eneo kubwa kuliko lile ambalo angelisafisha katika miwa mibichi. Na mnajua pia kwamba muwa ulioungua hausubiri, kwani tangu saa ile utamu wake huanza kuharibika na uzito wake kupungua, hata kila siku unayolala shambani au katika foleni ya mizani ikawa ni siku ya kumla mwenye shamba. Huo ni moto wa kwanza, nao huonekana na kila mtu. Moto wa pili umo kiwandani, chini ya dohani, na watu wengi wanaoutazama kila siku kutoka barabarani hawajapata kuambiwa waziwazi unakula nini.

Unakula muwa wenyewe. Tani moja ya miwa ikipita katika vinu hutoa, kwa makadirio ya kawaida ya viwanda vya sukari popote duniani, sukari ipatayo kilo 100, molasi kilo 40 hivi, na makapi kilo 280 hadi 300, ambayo nusu ya uzito wake ni maji. Makapi hayo huingizwa katika tanuri la boila, yakachemsha maji yakawa mvuke, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme, kisha mvuke ule ule, ukiwa umepungukiwa na nguvu lakini haujapoteza joto, ukaenda kupasha maji ya miwa mpaka yakawa sukari. Ni viwanda vichache mno ulimwenguni vijilishavyo hivyo. Kiwanda cha saruji hutaka makaa ya mawe au gesi, kiwanda cha nguo hutaka umeme wa kununua, bali kiwanda cha sukari huletewa kuni zake mlangoni kila asubuhi, zikiwa zimefungwa pamoja na mali ghafi yake, tena katika lori lile lile. Hapa katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kilipokuwa cha wenye mitaji, na kilipokuwa mali ya umma, na kiliporudi mikononi mwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990, wenyewe wamebadilika lakini kanuni hiyo ya moto haikubadilika.

Sasa na tuwaendee wataalamu. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Kraft na Arthur Kraft, walitazama hesabu za nchi yao tangu 1947 mpaka 1974 wakauliza swali ambalo laonekana jepesi: je, ni nishati inayoukuza uchumi, au ni uchumi ukuao ndio unaoita nishati? Wao waliona kwamba kwao uchumi ndio uliotangulia. Tangu hapo swali hilo limeulizwa juu ya karibu kila nchi yenye karatasi za hesabu, na majibu yamekuja ya kila namna, hata ukawakuta wanazuoni wawili wameichunguza nchi ile ile kwa miaka tofauti wakatoka na hukumu zinazopingana. Sitaki kuwacheka. Lakini nataka muangalie ni nini kilichowekwa katika mizani yao: mapipa ya mafuta, tani za makaa ya mawe, na umeme uliopita katika mita. Hivyo ndivyo vyenye stakabadhi. Katika nchi ambayo nyumba tisa kati ya kumi zimekuwa zikipika kwa kuni na mkaa, mtu apimaye nishati kwa stakabadhi amepima povu akaacha chungu. Kuni anazookota bibi kando ya mto Diwale hazina stakabadhi; makapi yachomwayo palepale yalipokamuliwa hayakununuliwa na mtu; na sehemu kubwa ya mkaa uendao Dar es Salaam hupita njia ambazo mwenye kuzijua hana haja ya kuziandika. Kuni hukisiwa, na makisio hayo ndiyo yajengewayo nadharia.

(Nikatishe kidogo kwa ajili ya neno. "Nishati" asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha uchangamfu, ule wepesi wa mtu aamkaye na hamu ya kazi. Wazee wetu hawakulitumia katika maana hii ya leo. Walisema moto, walisema nguvu, na kwa kusema hivyo walitenganisha kipikacho na kisukumacho. Sisi tumeviunganisha katika neno moja la wizara, na sina hakika kwamba tumepata faida.)

Nadharia ya pili ina umbo la mlima. Mwaka 1955 Simon Kuznets alidhani kwamba tofauti kati ya tajiri na maskini huzidi uchumi unapoanza kukua, kisha hupungua. Na mwaka 1991 Gene Grossman na Alan Krueger, walipokuwa wakichunguza mapatano ya biashara kati ya Marekani na Mexico, wakaona kitu kinachofanana na hicho katika hewa ya miji: gesi ya salfa iliongezeka pamoja na pato, ikafika kilele pale mtu alipokuwa akipata kiasi cha dola 4,000 hadi 5,000 kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 1985, halafu ikaanza kushuka. Kwa hiyo, wakasema wafuasi wao, ambao walikuwa na ujasiri kuliko wao wenyewe, nchi maskini isihangaike na moshi. Na ipande mlima kwanza, na upande wa pili itateremka ikiwa safi. Mtu wa Turiani, ambaye kila siku anaitazama milima ya Nguru, ataelewa mara moja kwa nini mfano huu unapendeza. Lakini ataelewa pia kwamba si kila apandaye mlima hukuta mteremko upande wa pili. Wengine hukuta mlima mwingine.

Tazameni mteremko wa Waingereza, ambao ndio huletwa kama shahidi. Mnamo Desemba 1952, kwa siku 5, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London hata kondakta wa basi akalazimika kutembea mbele ya gari lake akishika taa, na kwa hesabu ya kwanza watu wapatao 4,000 walikufa, idadi ambayo hesabu za baadaye ziliiongeza sana. Miaka 4 baadaye, mwaka 1956, bunge lao lilipitisha sheria ya hewa safi. Basi hewa haikusafishwa na utajiri peke yake, ikangoja pato lipande mpaka masizi yaone haya yaondoke. Ilisafishwa na maiti, na kelele, na sheria. Tena sehemu ya viwanda vyenye moshi mwingi ilihamia nchi nyingine, hata leo bati watumialo na nguo wavaazo huko vikawa vimeacha masizi yake katika mapafu ya watu wasiowajua. Sisi tutahamishia kwa nani?

Lakini hilo si pingamizi langu kubwa. Pingamizi langu kubwa ni kwamba mlima huu, hata ukiwa wa kweli kwa gesi ya salfa ya mijini, umeanzia mahali pasipo petu. Huanza chini, mahali ambapo maskini anadhaniwa kuwa na hewa safi kwa sababu hana dohani. Nani aliyewaambia kwamba maskini hana moshi? Nililelewa katika jiko la mafiga matatu, na mama yangu, Mungu amrehemu, alipopuliza moto wa kuni mbichi wakati wa masika alikuwa akifumba macho na kugeuza uso kwa namna ambayo nilidhani ni tabia yake ya kuzaliwa. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kila mwanamke wa rika lake, nyumba hata nyumba, alikuwa akigeuza uso vivyo hivyo. Kikohozi chao kilikuwa na jina la uzee, ingawa wengi wao hawakuwa wazee. Serikali yetu imekuwa ikitaja watu 33,000 wanaokufa kila mwaka katika Tanzania kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Idadi hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza ya London, nayo hurudi kila mwaka. Bali kwa kuwa ukungu wake umegawanyika katika mamilioni ya mapaa, hakuna basi lililowahi kupotea njia kwa ajili yake, wala bunge halikukesha.

Ndiyo maana nasema kwamba hapa kwetu moshi hautokani na kukua kwa uchumi. Uchumi umeukuta moshi tayari umeketi jikoni. Dohani ya kiwanda imekuja kuongeza moshi wa pili juu ya ule wa kwanza, na wa pili, kwa kuwa ni mrefu na una mwenyewe mwenye jina, ndio uandikwao magazetini.

Wala moshi wa mafiga si adui mtupu, na mtu yeyote aliyeletwa na mradi kuja kuuondoa ingekuwa heri akapanda kwanza uchagani. Mahindi yaliyotundikwa juu ya jiko hukaushwa na moshi ule ule ufumbao macho, na mdudu hakawii kuyaona kuwa machungu. Mbegu ya mwakani ilihifadhiwa humo kwa karne nyingi, kabla ya mifuko na dawa za dukani. Alipoingia yule dumuzi katika nchi hii, yule mdudu wa mahindi ambaye wakulima wengine walimwita Scania, thamani ya uchaga wenye moshi haikupungua. Ukimpa mama jiko la gesi, umempa macho yake. Lakini umemwondolea ghala, na usipompa ghala jingine ataendelea kuwasha kuni kwa ajili ya mahindi hali chai inachemka kwenye gesi, nawe utaandika katika taarifa yako kwamba watu wa huku ni wagumu wa kubadilika.

Kuna na jambo la kipimo. Mkaa huuzwa kwa kopo. Mtu aliyepata shilingi za leo hununua moto wa leo, na kesho ikija itajitafutia. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, hutaka fedha ya siku nyingi itolewe kwa mkupuo mmoja, na kibarua wa msimu hana siku nyingi mkononi. Nimewaona wenye mitungi ambao wameiweka pembeni, imepambwa kwa kitambaa, ikingoja mgonjwa au mgeni, hali maharage yanatokota juu ya mkaa nje ya mlango. Wakati Serikali ilipotoa, mwaka 2024, mkakati wake wa miaka 10 unaokusudia kuzifikisha nyumba 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia, na ilipoziamuru taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari mwaka huo, nilifurahi kwa dhati. Kisha nikajiuliza ni nani atakayeikata gesi hiyo vipande vidogo kama kopo la mkaa, maana hapo ndipo mkakati wote utakapokwama au utakapopita.

Amri peke yake tunazijua. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, bei ikaruka, na haukupita muda mrefu marufuku yenyewe ikalegezwa, miti ikiwa bado inakatwa. Na wazee wenye asili ya Uluguru wana kumbukumbu ya zamani zaidi: katika mpango wa wakoloni wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao ili udongo usichukuliwe na maji, jambo ambalo kwa elimu lilikuwa na hoja, bali kwa kuwa lilikuja kwa mjeledi na jasho la bure, lilizaa ghasia za Matombo mnamo Julai 1955, na matuta mengi yakaachwa. Tofauti na hayo, katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, na baadaye vya wilaya yetu hii ya Mvomero, ilijaribiwa njia ya kukipa kijiji chenyewe msitu wake, ukagawanywa katika vitalu vinavyokatwa kwa zamu na kuachwa vichipue, na ushuru wa mkaa ukaingia katika mfuko wa kijiji. Hesabu ya tanuri ingali mbaya, kwani tanuri la udongo la kawaida hula kilo 8 hadi 10 za kuni, na pengine zaidi, kutoa kilo moja ya mkaa. Lakini mchoma mkaa alipata kwa mara ya kwanza sababu ya kujali kama mti utachipua.

Juu ya umeme mkubwa nitapita kwa haraka, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa unasemwa kila siku. Mkoa wetu ni mama wa umeme wa nchi hii: Kidatu, megawati 204, iliyoanza miaka ya 1970, Kihansi, megawati 180, ambayo ilipochepusha maji ya maporomoko ilimnyima manyunyu chura mdogo asiyepatikana pengine popote duniani, akalazimika kupelekwa ughaibuni katika bustani za wanyama ili asitoweke, na sasa Bwawa la Mwalimu Nyerere katika Rufiji, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Umeme huo haupandishi masizi hewani, nao ni neema. Hata hivyo hutegemea mvua, na mvua hutegemea misitu ya milimani, na milimani, hapo juu yetu katika Nguru, kuna watu ambao wamefyeka vichaka vya chini vya msitu ili wapande iliki, kwa sababu iliki ni zao jepesi la kubeba kichwani kutoka mahali pasipo na barabara. Nani mchafuzi hapo: mpanda iliki, au aliyechelewesha barabara?

Narudi katika makapi, ambayo ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo. Viwanda vingi vya zamani vya sukari, popote vilipojengwa, viliundwa makusudi vichome makapi kwa ufujaji, kwa sababu makapi yakirundikana huchacha na hushika moto yenyewe, na mwenye kiwanda hakutaka umeme wa kuuza, alitaka kuondokana na taka. Ukiweka boila la mvuke wa shinikizo kubwa, makapi yale yale hutosha kuendesha kiwanda na kubakiza umeme wa kuuza. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, karibu na mji wa Moshi, kimekuwa kikiliuzia shirika la umeme, TANESCO, umeme wa namna hiyo. Na katika kisiwa cha Morisi, ambako miwa ndiyo iliyokuwa uchumi mzima, walikwenda hatua moja mbele: katika miaka ya 1980 waliweka mfuko wa kuwalipa wakulima kwa ajili ya makapi ya miwa yao, wakikiri kwa sheria kwamba mkulima haleti sukari peke yake kiwandani, huleta na kuni. Sitawaficha upande wa pili wa habari hiyo: mitambo ile ile ya Morisi, msimu wa miwa ukiisha, iliendelea kuzunguka kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, maana mtambo uliogharimu fedha nyingi haupendi kulala, na hivyo moto safi ukawa mlango wa moto mchafu. Atakayeiga sharti aige akiwa macho.

Mtanzania mmoja, kwa wastani, hutoa hewani kiasi cha robo ya tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, hali wastani wa dunia unakaribia tani 5. Kwa hiyo mtu akija kutufundisha tupunguze, tumkaribishe kiti, tumpe maji, kisha tumwulize tupunguze kutoka katika nini. Lakini adabu hiyo ya kujitetea mbele ya mgeni isitufanye tukasahau kuulizana sisi kwa sisi habari za masizi, na habari za mito hii iendayo katika mto Wami, kwa kuwa maji yenye sukari yakimwagwa mtoni hulisha vijidudu ambavyo hunyonya hewa yote ya majini, na samaki hufa bila kuonja sumu yoyote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilipokuwa nikiingia katika ukumbi huu, mzee mmoja mwenye shamba la miwa alinishika mkono hapo mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu aulizaye habari za deni: ikiwa hupimiwa miwa yake kwa uzito na kwa sukari iliyomo, na ikiwa hizo kilo karibu 300 katika kila tani ndizo zinazowasha taa za kiwanda usiku kucha, basi moto huo huandikwa kwa jina la nani? Nilimwambia kwamba mhadhara wangu wote hauna jibu lililo fupi kama swali lake, nikamwomba alirudie mbele ya watu. Namwona amekwisha kusimama, pale karibu na nguzo. Tafadhali apewe nafasi.